Kidole Kimoja Chini ya Kidevu

Mlinzi wa jumba letu la Joubert Park alikuwa na kidole kimoja kilichonikera kuliko kelele zote za mtaa ule. Kila asubuhi, nikitoa pikipiki yangu kwenye maegesho, nilimkuta amesimama getini ananingoja. Hakunisalimia kwanza. Alipitisha kidole cha shahada chini ya mkanda wa helmeti yangu, hapa chini ya kidevu, akavuta kidogo. Kidole kikipita kwa taabu, alisema, "Sharp," yaani safi kwa lugha ya mtaa ule, akafungua geti. Kikipita na cha pili, geti halikufunguka.

Mara ya kwanza nilimpiga kofi mkononi. Mimi ni mke wa mtu, na kidevu changu si cha kuchezewa na kila mlinzi.

"Unisamehe, yaya," alisema, wala hakurudi nyuma. "Lakini kaske yenye kulegea ni kofia ya kanisani. Ukianguka, yenyewe inaenda kwake, kichwa kinaenda kwake."

Kaske ndiyo helmeti, na yaya ni dada mkubwa, sisi watu wa Kongo tunasema hivyo. Naye alijua alichokuwa akisema. Kabla ya kuja Johannesburg alikuwa anaendesha pikipiki za abiria kule Uvira, na meno yake mawili ya mbele yalibaki barabarani hukohuko. Akicheka unaona pengo, na alipenda kucheka.

Pikipiki yenyewe niliachiwa na kaka yangu alipohamia Durban mwaka 2016. Alidhani nitaiuza. Mimi ni msusi. Kiti changu kilikuwa saluni moja ya Rockey Street, pale Yeoville, lakini wateja wangu wazuri walikuwa wamehamia mbali, Cosmo City, Midrand, Diepsloot, na walitaka nije kuwasuka nyumbani. Nenda wewe Diepsloot kwa teksi mbili, yaani daladala za huku, umepakata mashine ya kukaushia nywele, na abiria wa pembeni anakuuliza kama hiyo ni sufuria. Nikachoka. Nikajifunza kuendesha Jumapili mchana kwenye uwanja mtupu wa duka lililofungwa, mume wangu akikimbia nyuma yangu ameshika kiti, mpaka siku nilipogeuka nikamwona amekaa mbali kwenye kivuli anakunywa soda. Leseni nilipata. Akili ya kupakia mizigo nilidhani nimezaliwa nayo.

Maana mimi ni mtu wa Bukavu. Kwetu nimeona pikipiki imebeba kitanda. Nimeona imebeba mbuzi watatu na mwenye mbuzi. Kila kitu kinafungwa kwa mpira wa tairi la ndani uliokatwa vipande virefu, mtu anavuta kwa meno, anapiga fundo, safari. Kwa hiyo nami nilikata mipira yangu, nikafunga mashine juu ya kiti cha nyuma, begi la mafuta na vitana nikalining'iniza kushoto, na mfuko wa meshi, yaani nywele za kusukia, nikautundika kulia kwa vishikio vyake vya plastiki. Chini nilivaa kikwembe, yaani kitenge, kwa sababu katika kanisa letu mama mwenye heshima havai suruali.

Mlinzi alizunguka pikipiki mara mbili.

"Yaya, hiyi bintu itakuangusha."

"Kwetu nimeona moto, pikipiki kama hii, imebeba kitanda na mgonjwa juu yake," nikamjibu.

"Na ule mugonjwa alifika?"

Nikamwinulia kidevu apitishe kidole chake. Mkanda wa helmeti ulikuwa umekaza, akakosa sababu ya kunizuia, nikapita.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu halikuvunjika, lilichunika tu. Nilikuwa Louis Botha Avenue, robot, yaani taa ya barabarani, imegeuka kijani, ndiyo kwanza naanza kuondoka. Mfuko ulikuwa umechanika kwa kusuguana na pikipiki, meshi zikatoka moja moja, ndefu, nyeusi, zikaingia kwenye cheni. Gurudumu la nyuma likakwama. Nikalala upande, taratibu kabisa, mbele ya teksi iliyojaa watu. Helmeti ikagonga lami, ikatoa sauti ambayo bado naikumbuka, na ndani yake mimi nilikuwa mzima naisikiliza. Jaketi nene la kaka yangu liliokoa kiwiko. Goti halikuwa na kitu ila kikwembe, na kikwembe ni kitambaa tu, hata kikiwa kizuri namna gani.

Mama mmoja aliteremka kwenye teksi anakimbia, mikono kichwani. Alipoona furushi la nywele limejisokota kwenye gurudumu nusura alie.

"Eish, dada, nywele zako! Nywele zako zote!"

Nikavua helmeti nimwonyeshe kwamba zangu zipo. Akakaa chini kwenye ukingo wa barabara akacheka hadi dereva wake akampigia honi. Kisha akanisaidia kuchomoa meshi kwenye cheni, uzi kwa uzi, na abiria wote wakatungoja.

Jioni hiyo nilirudi nachechemea. Mlinzi alitazama goti, akatazama gurudumu lililokuwa bado na nywele, na kwa heshima yake hakusema kitu. Niseme kweli, ningependa angesema, nipate wa kumgombeza.

Kuanzia hapo nilikubali kufundishwa. Tulifunga boksi gumu nyuma kwa nati, na mifuko miwili ya turubai kila upande, iliyobanwa mbali na gurudumu na ekzosi. Kizito chini na karibu na kiti, chepesi juu. Kushoto na kulia zilingane. Mikanda iwe na vifungo vya kukaza, na mikia yake ifichwe, isipeperuke. Ukishapita robot ya kwanza au ya pili, simama ukaze tena, maana mzigo ukitikiswa hujikalia upya na mkanda hubaki umelegea. Nilinunua buti, glavu, na suruali nene yenye vikinga vya magoti. Kikwembe nilikikunja kikakaa ndani ya boksi. Nikifika kwa mteja nakifunga juu ya suruali kabla sijabisha hodi, nakuwa mama mwenye heshima tena.

Mke wa mchungaji alinikuta siku moja Yeoville kabla sijakifunga. Akanitazama kutoka buti hadi kiuno.

"Mama, hiyo ni suruali."

"Hapana, mama mchungaji," nikasema, "hii ni bandeji inayovaliwa kabla ya kidonda."

Akafikiri kidogo, akaniambia nimpitishie mumewe namba ya duka nilikoinunua, kwa sababu na mtoto wao alikuwa ameanza kusambaza pitsa kwa pikipiki.

Tatizo lililobaki lilikuwa kichwa changu mwenyewe. Wanasema kinyozi hajinyoi, lakini msusi ambaye kichwa chake ni kibaya nani atampa kichwa chake? Misuko yangu ya kupanda juu ilikuwa tangazo langu, na helmeti ilikuwa inailaza kila siku. Nikaanza kujisukia njia nyembamba zilizolala chini kabisa, zinazoanzia mbele hadi kisogoni, hakuna fundo popote linaloweza kuuma chini ya helmeti. Niliona aibu wiki ya kwanza. Wiki iliyofuata mteja mmoja, mhasibu Mkenya ambaye hajawahi kupanda pikipiki maishani, akaniuliza ule mtindo unaitwaje. Nikasema unaitwa kaske. Basi miezi ile Yeoville nzima ilisuka kaske, na wenye pikipiki tulikuwa wachache mno.

Ndipo siku moja mlinzi, baada ya kidole chake kutosheka, hakufungua geti. Alisimama anachezea funguo.

"Yaya, niko na muchumba. Diepsloot. Ana spaza yake kule. Tutafunga ndoa."

Nikampigia vigelegele palepale ndani ya helmeti, nikajiumiza masikio.

"Tangu tujuane anafunga kitambaa," akaendelea. "Sijamuona nywele hata siku moja. Simuulizi. Lakini kwa harusi nilitaka umutengeneze muzuri, sawa vile unatengenezaka bantu."

Nikaenda. Nilimkuta mwanamke mchangamfu wa makamo ya thelathini hivi, mzaliwa wa Fizi kwetu Kongo, anauza mkate na mafuta ya taa kwenye dirisha la spaza yake, kiduka cha mabati, huku akitania wateja kwa Kizulu. Shangazi yake akamshikia dirisha. Tukaingia ndani, akafunga mlango kwa komeo, akavuta na pazia. Kitambaa kilipofunguka nikaelewa kwa nini mlinzi hajaona kitu.

Miaka mingi nyuma, saluni fulani ya mjini ilimpaka dawa ya kulainisha nywele ikamsahau nayo. Dawa ilikuwa imekula ngozi. Utosini na upande mmoja hapakuota tena kitu, palikuwa na kovu linalong'aa, na kwingine nywele zilichipua kwa mafungu. Mimi nimeshika vichwa vingi. Nilikasirika, maana najua dawa ile inakaa muda gani na najua inavyoanza kuwasha. Aliyempaka hakuweza kuwa hajui.

"Akiona hii ataenda," akaniambia. Alisema bila kulia, kama anayesema bei ya mkate. "Ni mwanaume muzuri. Lakini ataenda."

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na ya kichwa aijuaye msusi. Sikumbishia. Nilimpima kwa utepe, nikamwambia nitamshonea wigi ambalo hata mama yake atasema zimeota.

Nililishona wiki kadhaa, jioni, juu ya kichwa cha plastiki nilichokuwa nacho saluni. Kila asubuhi mlinzi alipitisha kidole chini ya kidevu changu huku akiniuliza, "Nywele zake zinaendelea?" Nami kwa kidevu kilichoinuliwa vile nilijibu, "Zinaendelea," na haukuwa uongo. Nilimpenda yule kijana na nilitaka kumwambia atulie, lakini siri haikuwa yangu. Niliogopa pia. Wanaume wema nimewaona wakiondoka kwa mambo madogo kuliko hayo.

Siku ya kupeleka wigi likajaribiwe, halikutosha ndani ya boksi pamoja na kichwa chake. Nikakifunga kichwa cha plastiki juu ya kiti cha nyuma, mkanda mbele, mkanda nyuma, na mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani. Kabla ya Fourways askari wa barabarani akanisimamisha kwa mkono mzima. Abiria wako hana helmeti, akasema. Kisha akakaribia, akamtazama abiria machoni. Aliondoka pale ameinama, amejishika magoti kwa kicheko, akanipungia niende. Niliporudi mjini nilinunua boksi kubwa zaidi, kwa sababu mlinzi aliposikia hadithi ile, nami nikimwambia ni kichwa cha mazoezi cha saluni, hakucheka hata kidogo. Alisema mzigo wa juu vile ungenyanyuliwa na upepo.

Harusi ilikuwa Jumamosi, katika ukumbi wa shule huko Cosmo City. Nilifika Diepsloot asubuhi mapema, na mvua kubwa ilikuwa imeshapiga. Nikamvalisha wigi nyuma ya komeo lile lile. Alipojitazama kwenye kioo aligeuza shingo huku, akageuza kule. Nilipofungua mlango, shangazi na wanawake wa jirani wakapiga vigelegele hadi mbwa wakabweka.

Kisha gari likashindwa kuja. Njia ilikuwa imegeuka tope, na baki ya mjomba wake, yaani pikapu, ilizama hadi mlangoni kule chini, wanaume wanaisukuma na inawatapikia matope tu. Mvua ikaanza tena. Watu wote wakageuka kunitazama mimi na pikipiki yangu.

"Nitampeleka," nikasema. "Helmeti ya pili ninayo."

Bibi harusi akagusa wigi. Lilikuwa limepanda juu, la mafundo makubwa, hakuna helmeti duniani ingeingia pale.

"Yaya, twende polepole bila kaske. Ni karibu."

"Hapana."

"Leo tu. Ni harusi yangu."

"Hata ingekuwa ni kutawazwa kwako kuwa malkia," nikasema, na sauti ilipanda, nakiri nina hasira za karibu. "Mimi nikikubebea kichwa kitupu kwenye lami yenye maji, nitasimamaje mbele ya geti la mume wako Jumatatu?"

Akakaa kitandani. Shangazi akasema bwana harusi anangoja. Nikawatoa wote nje, nikafunga komeo.

"Sikiliza," nikamwambia kwa upole sasa. "Tulivue, tulisafirishe ndani ya boksi. Chini ya helmeti nitakufunga kitambaa cha hariri. Tukifika nakupitisha mlango wa nyuma wa ukumbi, nakuvalisha tena. Hakuna atakayekuona."

"Yeye pia?"

"Yeye pia."

"Apa."

Nikaapa. Nimeapa mara chache maishani, na kile kiapo nilikitoa haraka mno.

Wigi likaingia kwenye boksi, juu ya kichwa chake cha plastiki, nikalizungushia taulo lisitikisike. Gauni likakunjwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki, likaenda mfuko wa kushoto. Kulia viatu na vipodozi. Kulia kukazidi, nikachukua mfuko wa sukari kwenye spaza nikauongeza kushoto. Bibi harusi nikamvika suruali yangu ya akiba yenye vikinga vya magoti, jaketi, glavu, buti za mjomba zilizojazwa soksi. Shangazi akaweka mkono mdomoni.

"Bibi harusi na suruali?"

"Ni bandeji, shangazi," bibi harusi akasema kabla yangu. Nilikuwa nimemsimulia.

Tukaondoka. Baada ya tope, kwenye lami ya kwanza, nilisimama nikakaza mikanda yote upya. Nyuma yangu alinishika kiuno kwa nguvu, na tulipopata barabara nzuri nikamsikia anaimba pambio ndani ya helmeti. Mvua ilitupiga kifuani na haikuingia. Magari yalitupita yakapiga honi, na yeye akawapungia. Sijui kama nimewahi kuendesha kwa furaha kama siku ile.

Mlango wa nyuma wa shule ulikuwa na geti dogo. Na getini pale, chini ya mwavuli, amevaa suti ya kijivu na ua kifuani, alikuwa amesimama mlinzi. Pikipiki yangu inakohoa kwa namna yake, aliisikia ikikata kona. Nani amtoe mlinzi getini, hata siku ya harusi yake?

"Ingia ndani," nikamwambia. "Bwana harusi hangoji hapa."

Hakunisikia. Alipitisha kidole chini ya kidevu changu. Kisha akamwendea bibi harusi, akapitisha kidole kile kile chini ya mkanda wake, akavuta.

"Sharp," akasema. Akaona vidole vya bibi harusi vimeganda kwa baridi ndani ya glavu, hawezi kufungua mkanda. Kwa hiyo akamfungulia yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa bado nateremsha mguu nisimamishe pikipiki. Nilisema, "Ngoja," lakini tayari alikuwa ameshika helmeti kwa mikono miwili na kuivuta juu, kama fundi anavyoivuta, moja kwa moja. Kitambaa cha hariri kikaenda nayo.

Mvua ikaanguka juu ya kovu. Wanawake watatu wa kwaya waliokuwa wanatupokea wakasimama. Bibi harusi aliinua mikono ajifunike, glavu zikiwa bado mikononi, kisha akaishusha. Nilitamani kumpiga yule mwanaume kwa helmeti yangu. Nilitamani kulia pia.

Bwana harusi alimtazama kichwa chote, bila haraka. Akasogeza mwavuli ukamfunika. Kwenye paji la uso, juu kidogo ya nyusi, sponji ya helmeti ilikuwa imeacha mfinyo. Akaweka kidole pale.

"Kaske ilikukaza hapa," akasema. "Hiyi ya yaya ni ndogo kwako. Nitakutafutia yako."

"Umeona?" bibi harusi akamuuliza.

"Nimeona."

"Na?"

"Na umefika muzima."

Bibi harusi akacheka huku machozi yanatoka, kicheko cha dirishani kwake, kile cha kutania wateja. Nikamwambia tuingie haraka nimvalishe kule nyuma, kama nilivyoapa.

"Nyuma ya nini tena?" akasema. "Yaya, leta kiti."

Mwanakwaya mmoja akaleta kiti cha plastiki, akakiweka chini ya kibaraza, palepale watu wanapopita. Bibi harusi akakaa na buti zake za mjomba. Nikafungua boksi, wigi lilikuwa kavu, hakuna fundo lililosogea. Nikalivalisha polepole mbele ya kila aliyetaka kutazama, na wengi walitaka, na kwaya ikaanza kuimba bila kuambiwa. Bwana harusi alisimama pembeni, kwapa moja limebana helmeti, kwapa la pili limebana kichwa cha plastiki.

Nilipomaliza, gauni bado linangoja kwenye mfuko wake, nikarudi nyuma nitazame kazi yangu. Bwana harusi akampa mwanakwaya vichwa vyote viwili, akasogea, akapitisha kidole chini ya ukingo wa wigi, hapo penye sikio, akavuta kidogo. Kidole kilipita kwa taabu.

"Sharp," akasema, akaenda kumfungulia mlango wa ukumbi kama anavyofungua geti.